Bomu Lisilobaki Nyuma

Nimerudisha funguo za ghala na fulana ya rangi ya machungwa. Filimbi nimebaki nayo kwa sababu hakuna aliyeiulizia. Ninyi mliobaki kwenye kiwanja cha ndege cha Kasongo mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa, nami nitaandika kwa mpangilio, kuanzia siku ya kwanza. Vyeo nitaviruka. Ninachowaachia ni mashaka. Kazi yetu yote ni kutoamini mzigo mpaka upimwe, na kutoamini mizani mpaka nayo ipimwe.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Kalonda, mpimaji wa mizigo, mtu mfupi mwenye sauti ya kukohoa. Aliniamuru nipande mizani. Kilo sitini na moja. Akaniambia nishuke, nipande tena. Kilo sitini na sita.

"Umeona mguu wangu?" akaniuliza.

"Hapana, Papa."

"Basi kazi haujaanza."

Alikuwa amekanyaga ukingo wa mizani kwa kidole gumba, huku ananitazama usoni kwa upole kama muuguzi. Kuanzia siku ile nilitazama miguu kabla ya kutazama namba. Kila asubuhi tulijaza maji bidoni moja, yaani dumu, ya lita ishirini na kuiweka juu ya mizani. Namba ikikataa kulingana na maji, hakuna mzigo unaopimwa mpaka mizani itengenezwe. Wafanyabiashara waliokuwa na haraka walitutukana. Mzee Kalonda aliwajibu kwamba maji hayana ndugu.

Abiria ni mzigo unaosema, kwa hiyo ni mgumu zaidi. Bwana mmoja alifika kwenye jua la mchana amevaa makoti matatu, akasema ana baridi ya malaria. Nilimhurumia. Mzee Kalonda alimpapasa mfukoni, akatoa misumari ya inchi nne, kilo nzima. "Malaria yako imekomaa," akamwambia. Katika koti la pili kulikuwa na bawaba za milango.

Baada ya miaka mingi ya mizani nilihamishiwa kazi ya chini, yaani kupokea magunia yanayodondoshwa kutoka angani. Mnajua barabara za upande wa Kabambare. Pikipiki inapita pale ambapo gari haliwezi, na mvua ikishiba hata pikipiki inabebwa begani. Shirika moja la misaada lilikodi ndege ndogo ya kudondosha mbegu za mahindi na maharage katika vijiji vilivyokatika. Feza, mpakiaji wetu, alikuwa ndani ya ndege, amefungwa mkanda kiunoni, akisukuma magunia mlangoni. Mimi nilikuwa chini.

Kazi ya chini ina vifaa vichache. Magunia huvalishwa mawili mawili: la ndani linajazwa nusu tu, la nje ni kubwa zaidi, ili la ndani likipasuka mbegu zisitawanyike. Kuna vitambaa vyeupe viwili vinavyotandikwa msalaba katikati ya uwanja. Kuna moto wa majani mabichi, ili moshi umwonyeshe rubani upepo. Na kuna filimbi ya kuwazuia watu, kwa sababu ndege ikisikika kila mtu anakimbilia chini ya tumbo lake, akidhani gunia litaanguka pale pale linapoachiwa.

Hata mimi nilidhani hivyo. Mara yangu ya kwanza nilitandika msalaba karibu mno na nyumba. Gunia lilitoka mlangoni likiwa juu ya vichwa vyetu, likashuka huku linakwenda, likapita msalaba, likapita mihogo, likaingia jikoni kwa mama mmoja kupitia paa la nyasi na kuvunja chungu chenye sombe, mboga ya majani ya mihogo. Mama hakuwemo ndani, Mungu ashukuriwe. Alitoka mgombani, akatazama paa, akanitazama.

"Papa, mulisema mutatuletea mbegu," akasema. "Hamukusema mutazipika."

Toka hapo nilijua kwamba kitu kinachotoka kwenye ndege kinakuwa na mwendo wa ndege. Kinashuka, lakini bado kinasafiri. Nililifundisha somo hilo katika vijiji vyote, na nililishika kwa ujasiri ambao baadaye ulimponza mtu mwingine.

Mtu huyo aliitwa Amisi. Alikuwa mlinzi wetu wa uwanja wa kudondoshea katika kijiji kimoja upande wa Lusangi. Jina la kijiji naliacha, watu wake bado wanaishi pamoja. Amisi alikuwa mkulima mwenye mke, Mariamu, na watoto watano. Alikuwa makini kuliko mimi. Alifua vitambaa kila baada ya kazi na kuvikunja kama sanda. Mimi ndiye niliyemchagua, na mimi ndiye niliyempa vitambaa vile kwa mikono yangu.

Katika miezi yangu ya mwisho kazini video ilianza kutembea kwenye simu. Ilionyesha ndege ya kijivu inapita juu ya pori na mto. Chini kuna msalaba mweupe. Bomu linatoka tumboni mwa ndege, linashuka, moto unalipuka. Juu ya picha kuna maneno: "Amisi ametandika, ndege imemwaga." Ilipofika Kasongo ilikuwa imeota maelezo. Wengine walisema ni machimbo ya ndani, mbele ya Salamabila. Wengine walisema wachimbaji wamekufa. Niliuliza shimo la bomu liko wapi na waliokufa wanaitwa nani. Kila mtu alikuwa na shemeji aliyeona. Shemeji mwenyewe hakupatikana.

Mariamu alinipigia simu.

"Papa Assani, wamemufungia Amisi kwa shefu. Wanasema yeye ndiye anaonyesha ndege njia. Siku ya soko tunatolewa kijijini, siye na watoto. Shamba imekwisha kugawanywa kwa mudomo."

Soko lilikuwa baada ya siku saba. Nilipanda pikipiki asubuhi ile ile.

Barazani kwa shefu nilikuta watu wamejaa mpaka uani. Shefu, mkuu wa kijiji, mzee mtaratibu aliyeonekana hajalala, alinipa nafasi ya kusema. Amisi alikuwa ameketi chini, bila viatu. Niliomba simu, nikawazungushia ile video, kisha nikasimama kama mwalimu.

"Tazameni vizuri," nikasema. "Bomu liko chini ya tumbo la ndege mwanzo mpaka mwisho. Ninyi mmeona magunia yetu. Gunia linashuka hivyo? Gunia linakwenda mbele. Kwa hiyo picha hii ni ya uongo."

Watu walianza kuitikia. Wengi walikuwa wameyakimbia magunia yale. Nilimwona Mariamu anapumua.

Ndipo motari mmoja kijana, Musafiri, mbebaji wa abiria kwa pikipiki kati ya kijiji kile na Salamabila, akainua mkono.

"Papa, linakwenda mbele ya nani?"

"Mbele ya mahali lilipoachiwa."

"Na ndege, ilisimama kungoja?"

Watu wakacheka. Nikasema hapana, ndege haisimami.

"Basi ndege inakwenda mbele, na bomu inakwenda mbele, bote pamoja. Siku moja niko kwenye moto, hii pikipiki yangu, nyundo ikanitoka mukononi. Ilikimbia na mimi pembeni ya gurudumu kama mbwa yangu. Wewe, Papa, kila siku uko chini unatazama juu. Ule mwenye anapiga picha iko juu, anafuata mukia ya ndege. Yeye ataona bomu chini ya tumbo tu."

Nilishusha ile simu. Alikuwa amesema kweli. Miaka yote nilikuwa nimesimama chini, na nilidhani pale niliposimama ndipo kila mtu amesimama.

"Kumbe picha ni ya kweli!" mtu akapaza sauti nyuma. "Mwenyewe ameshindwa!"

Amisi aliinua uso akanitazama. Ningependelea anitukane. Nilikuwa nimekuja kumtetea, na sasa hali yake ilikuwa mbaya kuliko kabla sijafika. Shefu alifunga baraza akasema neno lake linabaki lile lile, siku ya soko.

Nilirudi Kasongo nikiwa na matope mpaka shingoni. Nilikwenda moja kwa moja kwa Feza, nikamkuta anakoboa mpunga nyuma ya nyumba yake. Nilimweleza yote, pamoja na aibu yangu.

"Motari amekushinda vizuri," akasema. "Mimi niko mlangoni, gunia nikilisukuma linaenda na mimi. Kweli kabisa."

"Kwa hiyo picha ni ya kweli?"

"Ngoja. Linaenda na mimi, lakini linachoka. Upepo unalikamata, ndege haikamatwi, ndege ina mashini. Nikitoa kichwa kutazama linapogonga chini, mimi sitazami chini ya miguu yangu. Natazama nyuma, karibu na mukia. Tukiwa chini linabaki kidogo. Tukiwa juu linabaki sana. Sijaona gunia hata moja lililofika chini pamoja na mimi."

Nikafungua video tena. Bomu lile halikubaki nyuma hata urefu wa mkono. Lilishuka chini ya tumbo kama ndoo inayoteremshwa kisimani, likalipuka, na ndege ikiwa juu ya moto wake mwenyewe haikutikisika.

Feza alirudisha video mwanzo, akaitazama akiwa amekunja paji la uso.

"Na huyu mupiga picha," akasema. "Yeye amepanda nini?"

Swali hilo sikuwa nimejiuliza. Ili kuona vile ilibidi iwepo ndege ya pili nyuma ya ile ya kwanza, na hakuna shemeji hata mmoja aliyesema ndege mbili.

Tulikwenda kwa Saleh, mwenye kibanda cha fotokopi karibu na soko. Saleh ni mtu mzima, baba wa wasichana wanne, na mkewe humlalamikia kwamba saa zote wateja wakipungua anapigana vita vya angani kwenye kompyuta. Alitazama ile video mara moja tu.

"Huu ni mchezo," akasema. "Ninao. Mto huu naujua, nimeanguka humo mara nyingi."

Sikumwamini. Nilimwambia anionyeshe. Akawasha kompyuta, akaruka, kioo kikiionyesha ndege kwa nyuma bila mpiga picha yeyote, na kweli ule mto ulikuja na kona yake, na msalaba mweupe ambao mchezo umeuweka kuonyesha shabaha. Aliachia bomu. Lilishuka chini ya tumbo, limelala sawasawa kama lilivyokuwa limefungwa, mpaka ardhini.

"Umeona limelala?" akasema. "Bomu lina mapezi nyuma, kama manyoya ya mshale. Mshale ukishuka unatanguliza kichwa. Hili linashuka limelala kwa sababu mchezo umewekwa kwenye hali rahisi, ya wanaojifunza. Hakuna hewa humo. Sasa tazama hali ngumu."

Alibadilisha kitu, akaruka tena, akaachia. Safari hii bomu lilitoka, likaanza kuinamisha kichwa, likabaki nyuma kidogo, kisha zaidi, na lilipolipuka ndege ilikuwa imeshapita na moto uko nyuma ya mkia. Feza alipiga mapaja.

"Huyo ndiye!" akasema. "Huyo ndiye gunia langu!"

Nilimfanya Saleh arudie mara sita, mara tatu kila hali. Nilibadilisha kimo, nilibadilisha mwendo. Mara ya saba alisema ana wateja. Nilikuwa nimeshashindwa mara moja barazani, sikutaka kurudi na jambo nililoliona mara moja tu. Saleh alitukopesha kompyuta kwa sharti kwamba ni Feza atakayeibeba, si mimi. Alimfundisha vitufe jioni ile, na Feza aliondoka nayo mgongoni imefungwa kwa kitenge kama mtoto.

Tulifika kijijini asubuhi ya siku ya soko. Betri ilikuwa imejaa, tuliiongezea Kabambare kwenye duka lenye sola. Nje ya nyumba ya Amisi vyombo vilikuwa vimeshatolewa: vyungu, mkeka, kitanda kimefunguliwa mbao. Mtoto mdogo alikuwa amekalia mzigo wa nguo akila muhogo. Mariamu hakutusalimia. Alisema tu, "Muende haraka."

Shefu alisita kutupa nafasi tena. Feza ndiye aliyemwambia, "Shefu, huyu Papa alishindwa kwa sababu hajawahi kupanda ndege. Mimi nimepanda. Nipeni muda wa kupika chai." Akapewa.

Aliweka kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa. Watu walisogea mpaka waliokuwa mbele wakaanza kusukumwa. Mto ulipotokea na ile kona, na ule msalaba, kelele zilikatika. Kisha mtu mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Ni pale. Ni pale pale." Mwingine akasema mashini inaweza kuwa imekopi video. Niliyapenda mashaka yake, na kwa sababu ya mashaka kama hayo Feza hakuonyesha video. Alikuwa anarusha ndege mwenyewe, na kila mtu aliona ndege inakwenda anakoipeleka.

Anakoipeleka kulikuwa kubaya. Alirusha ndege vibaya kuliko alivyofanya kwa Saleh. Iliyumba, ikapinda, ikaanza kuutafuta mto. Watu wote walitazama kioo. Mimi niliwatazama watu. Musafiri alikuwa mstari wa pili, na mkono wake wa kulia ulikuwa unasogea hewani.

"Inua pua, mama," akanong'ona. Kisha kwa sauti: "Inua pua! Acha hiyo, hiyo ni ya magurudumu! Bonyeza ya pembeni, mara mbili, ndiyo bomu inafunguka!"

Feza alibonyeza ya pembeni mara mbili. Bomu lilifunguka.

Hakuna aliyetazama lilipoangukia. Baraza nzima iligeuka.

"Umejuaje?" Mariamu aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. "Musafiri. Nani alikufundisha?"

Mpaka leo sijui kama Feza alisahau vitufe kweli au la. Nimemuuliza mara mbili. Mara zote mbili aliniambia nimechoka, nikapumzike.

Musafiri hakukimbia, nalisema hilo kwa upande wake. Alikaa chini pale pale, mbele ya Amisi, akaeleza. Kule Salamabila kuna chumba ambamo wachimbaji hucheza michezo ya kompyuta. Alikuwa anacheza akingoja abiria. Alipouona msalaba mweupe alimkumbuka Amisi, akacheka, akapiga picha kioo kwa simu, akaandika yale maneno, akatuma kwenye kundi la familia kwenye simu, la ndugu walio mbali. Ukoo wake na ukoo wa Amisi ni watani tangu kwa mababu.

Wasomaji wa kwingine huenda wasijue utani wa huku. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako. Anaweza kulala katika kaburi lililochimbwa kwa ajili ya baba yako na kukataa kutoka mpaka umpe kitu, na wewe unacheka huku unalia. Hakuna kesi. Lakini utani unahitaji kwamba kila anayesikia ajue nani ni mtani wa nani. Katika ile familia watu walicheka. Mmoja akatuma kwa rafiki, rafiki akatuma kwa bosi wake, na kufika kijiji cha tatu yale maneno yalikuwa yamekuwa ushahidi.

"Utani gani unakaa kimya wiki nzima?" nilimuuliza. "Na siku ile ulisimama hapa ukanishinda kuhusu ndege ambayo hujawahi kupanda."

"Niliogopa, Papa. Ukisema ni mchezo, watauliza nani alicheza. Walikuwa tayari wamekasirika. Nikasema wakasirike na Amisi, kisha itapoa."

"Ingepoa mimi nikiwa wapi?" Amisi aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza mbele yangu toka yaanze hayo.

Kama ni hofu tu, au kama kuna mtu aliyekuwa analitamani lile shamba lililogawanywa kwa mdomo, sijui. Nimeandika alichosema na nimeandika nilichokiona. Pengo lililobaki katikati nimeliacha wazi.

Shefu alimwachilia Amisi na kuamuru vyombo virudishwe ndani na wale wale waliovitoa. Kwa desturi, mtani aliyevuka mpaka anatoa kuku. Musafiri alikubali haraka, akasema kuku wawili. Amisi alikataa.

"Kuku yako atatembea mpaka Salamabila kunisemea?" akamwambia. "Ile picha imepita vijiji vyote vya njiani. Wewe una moto yako ya abiria. Utanibeba. Kila mahali picha ilifika, utasimama, utasema ni nani aliifanya. Mafuta ni yako."

Baraza ikacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na Musafiri naye akacheka kidogo, kisha akaona kwamba Amisi hatanii.

Waliondoka kesho yake asubuhi. Mimi nilikodi pikipiki nyingine nikawafuata, maana kusikia kwamba mtu atasema si sawa na kumsikia anasema. Kijiji cha kwanza Musafiri alisema mbio mbio bila kuzima injini, na watu hawakuelewa. Cha pili alisema vizuri zaidi, na wakamzomea. Amisi alikaa nyuma yake, miguu imening'inia.

Katika kijiji cha tatu mama mmoja mwenye beseni la mihogo alimtambua Amisi kabla pikipiki haijasimama. Alirudi nyuma hatua mbili na kuvuta beseni lake.

"Wewe ni yule wa ndege?" akauliza. "Ni kweli, wewe ndiye ulitandika kitambaa?"

Amisi alishuka, akajikung'uta vumbi magotini.

"Muulize dereva wangu," akasema.

Musafiri alizima injini, akavua kofia, akaanza tena tangu mwanzo.